Mama, pakua na sahani yako

Wanawake wengi wanaoingia kituoni kwetu wakilalamikia uchovu wanataka niwaandikie vitamini. Mimi ni mkunga, kazi yangu iko Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, na kabla sijashika kalamu huwa nauliza: jana jioni ulikula nini, na ulikula saa ngapi? Jibu nimelizoea. "Batoto balishakula, mimi nitaona." Ukimdadisi zaidi unakuta alikwangua bugali uliobaki kwenye sufuria, akashushia chai ya rangi, akalala. Alfajiri saa kumi na moja yuko njiani tena.

Naandika haya kwa ajili ya mama huyo, na kwa binti yake anayemtazama na kujifunza kuishi vilevile. Sitamwambia anunue kitu kisichopatikana sokoni, wala atafute saa ambayo siku yake haina. Nitaichukua siku yake jinsi ilivyo, jiko, njia, mzigo, bafu na kitanda, nimwonyeshe ni wapi anaweza kufanya jambo lilelile kwa namna isiyomla mwili.

Anza na sahani

Kabla hujapakua, panga sahani zote, na yako iwemo. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko yote yatakayofuata. Usipakue ya baba, ya mgeni na ya watoto, kisha ndipo uangalie kilichobaki. Kama mko sita na samaki ni watatu, kata vipande sita. Na kama nyumbani kwenu nyama ni ya baba, zungumza naye mchana mkiwa wawili, si mbele ya sufuria watoto wakisikiliza. Mpe sababu yenyewe, maana ipo: mwanamke anayepata hedhi anapoteza damu kila mwezi, na mwili wake unahitaji madini ya chuma karibu mara mbili ya mwili wa mwanaume. Mwenye mimba anahitaji zaidi ya hapo. Nimeona waume wengi wakikubali papo hapo wakielezwa hivyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Upungufu wa damu unaweza kuuona mwenyewe. Simama mchana penye mwanga, mbele ya kioo, uvute kope la chini: nyama ya ndani inapaswa kuwa nyekundu. Ikiwa imepauka, ikiwa unahema kwenye ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida, ikiwa moyo unadunda umekaa tu, au unatamani kula udongo, njoo upimwe damu. Udongo wenyewe usiule hata ukiwa na mimba na hamu imekushika. Unazuia chuma kisinyonywe tumboni, na unaweza kukuletea minyoo.

Chuma cha samaki na nyama kinaingia mwilini kirahisi kuliko cha majani. Tena kipande kidogo cha samaki kikiliwa pamoja na majani, kinasaidia hata chuma cha majani kiingie. Ndiyo maana napenda sambaza, wale samaki wadogo, kuliko karibu kila kinachouzwa Nyawera au soko la Kadutu. Samaki hawa hawakuwa wa ziwa letu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wa Kivu wanawafuata usiku kwa taa. Mtu anamla mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo unapata na kalsiamu ambayo mifupa yako itaidai ukishafika miaka hamsini. Kilo nzima haiwezwi na kila mfuko. Nunua kikombe kimoja cha wakavu, wapashe kidogo kwenye sufuria kavu, watwange wawe unga, uwatie ndani ya sombe (majani ya muhogo) au maharage. Kikombe kimoja kikitwangwa kinaionjesha nyumba nzima, na uzuri wake mwingine ni huu: samaki akishakuwa unga hakuna tena mnofu wa baba na mkia wa mama. Kila kijiko kina haki yake.

Sombe ni chakula kizuri, mradi usiipike kwa pupa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kutwanga vizuri ndiko kunakoifungua, na kuchemsha ndiko kunakoitoa, kwa hiyo mwanzoni acha sufuria wazi mvuke upande. Moto huo mrefu, lakini, unaua vitamini C, ambayo ndiyo msaidizi wa chuma. Irudishe kwa tunda bichi baada ya kula: chungwa, pera, kipande cha papai, marakuja mbili. Lengalenga (mchicha) hazina shida hiyo, zinaiva upesi; ziweke motoni mwisho kabisa.

Mawese nayo. Wengi wetu tunayachoma mpaka yanakuwa meupe, tukisema tunatoa harufu. Wekundu ule ndio mwili unaougeuza kuwa vitamini A, ya macho yako na ya mtoto anayenyonya. Yapashe tu, usiyaunguze.

Chai na kahawa vinalimwa huku kwetu, na sitakuambia uviache. Angalia saa tu. Vikinywewa pamoja na chakula vinakifunga chuma tumboni, kinatoka kama kilivyoingia. Acha saa nzima ipite kabla ya kula au baada ya kula. Vidonge vya chuma tunavyokupa CPN, kliniki ya wajawazito, usivimeze kwa chai. Vimeze kwa maji, au kwa juisi ya marakuja ukiipata. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni dawa hiyo. Vikikuchafua tumbo, vimeze usiku baada ya kula, na ukiona huviwezi rudi ukaseme, usivifiche chini ya godoro. Nafahamu vinafichwa.

Unga ulionunua bila kujua ulikotoka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo hata wapishi hodari hawaambiwi. Muhogo mchungu unatakiwa kulowekwa siku tatu au nne kabla ya kuanikwa. Njaa ikibana, au mnunuzi akiwa na haraka, watu wanazipunguza siku hizo, na sumu inabaki kwenye unga. Anayekula unga huo wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage pembeni, yuko katika hatari ya konzo: miguu inakaza ghafla, na hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Konzo inawapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na Kivu Kusini imeshaonekana. 

Kama hujui murongo wako wa unga, kile kipimo cha sokoni, ulitoka kwenye muhogo uliolowekwa vipi, fanya hivi. Mimina unga kwenye beseni, uusawazishe, uweke alama pembeni palipofika unga. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya kwa mkono. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka au turubai safi, wembamba usiozidi sentimita moja, uukalishe juani kwa muda wa saa mbili. Siku ya mvua, na Bukavu mvua tunaijua kuanzia Septemba hadi Mei, uuache ndani kivulini kwa muda wa saa tano, dirisha likiwa wazi. Sumu inaruka hewani yenyewe. Songa bugali siku hiyohiyo, kwa sababu unga mbichi haukai. Ladha haiharibiki, wengine wanasema inakuwa bora.

Chumvi, maneno machache. Nunua yenye iodini, iweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto, uitie chakula kikikaribia kuiva. Idjwi, kisiwa hiki cha jirani, ilijulikana kwa watafiti tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya wingi wa rovu (uvimbe wa shingo), na muhogo usioandaliwa vizuri ulikuwa sehemu ya tatizo, kwa kuwa sumu yake inazuia iodini isifanye kazi. Mwenye mimba akikosa iodini, ubongo wa mtoto ndio unaolipa. Lakini chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu, pamoja na ile iliyojificha kwenye kyubu za supu. Kyubu tatu kwenye sufuria ya maharage si kiungo tena, ni presha inayopikwa.

Kilima, mzigo, na kile kilicho chini ya nyonga

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atembeze mwili dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa mwendo wa kumfanya apumue haraka lakini bado aweze kuongea. Ukikaa Cimpunda na kazi yako iko Nguba, na unatembea kwa miguu, umeshazimaliza. Usikubali mtu akuambie huna mazoezi. Ninaowahofia ni dada zangu wa mashine ya kushona, wa duka, wa meza ya kubadilisha pesa: wanakaa tangu asubuhi, wanashuka na moto (pikipiki), wanapanda na moto. Kwenu nyinyi naomba mpande kilima kwa miguu kwenda au kurudi, msimame kila nusu saa mjinyooshe mgongo, na mara mbili kwa wiki mfanye kazi ya kutumia nguvu: kulima, kutwanga, kuchota maji. Kwa aliyechoka kwa mzigo, mazoezi anayoyahitaji ni mengine, nayo ndiyo haya.

Mji huu unabebwa na wanawake. Unawaona kando ya ziwa na sokoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, gunia mgongoni, mwili umeinama mbele. Wengine wamejifungua juzi. Mzigo ule unasukuma tumbo lote chini, na chini kuna misuli imetandazwa ndani ya nyonga kama kitenge kinachombeba mtoto mgongoni: inashikilia kibofu, kizazi na utumbo. Ikilegea, mkojo unatoka ukikohoa au ukicheka. Ikilegea zaidi, unahisi kitu kizito kinashuka, na jioni ukinawa unakigusa. Hicho ni kizazi kinachoshuka. Si laana, si ugonjwa wa zinaa, na si jambo la kulifunga kwa kitambaa na kunyamaza miaka kumi kama wanavyofanya wengi. Kinatibika, kwa mazoezi kikiwa mwanzoni, kwa pete ya mpira inayowekwa ndani, au kwa upasuaji.

Kuinua mzigo: usiinamie kiunoni. Sogea karibu nao, chuchumaa, ubane misuli ya chini, kisha simama kwa nguvu za mapaja huku unatoa pumzi. Watu wengi wanakata pumzi wakati wa kuinua, na pumzi iliyokatwa ndiyo inayosukuma kizazi. Gunia likiwezekana ligawe safari mbili. Likiwa haligawanyiki, mtu akutwishe. Usijitwishe peke yako. Na baada ya kuzaa, wiki sita bila mzigo mzito kuliko mtoto wako. Najua anayebeba leo ndiye anayekula leo, kwa hiyo jambo hili lipangeni wakati wa mimba: likelemba yenu (upatu) ipangwe zamu ya mwenye mimba iangukie mwezi atakaojifungua. Vikundi viwili ninavyovifahamu hapa Kadutu vinafanya hivyo, na mama wake wanalala wiki hizo bila deni.

Zoezi lenyewe halionekani na mtu. Unaweza kulifanya ukiuza nyanya, ukisubiri zamu ya maji, ukisikiliza mahubiri. Kaa wima. Bana misuli ambayo ungebana ukitaka kuzuia hewa na mkojo kwa pamoja, uivute juu kwa ndani. Tumbo, makalio na mapaja vikae kimya, pumua kawaida. Hesabu hadi tano, achia kabisa, hesabu tena hadi tano umepumzika. Mara kumi. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku, na ukizoea uongeze hadi kuhesabu kumi. Usilifanye wakati unakojoa. Kukatiza mkojo kila siku kunakipa kibofu tabu. Miezi mitatu ya kutoacha ndipo utakapoona tofauti. Wanawake wanaokata tamaa wanakata wiki ya tatu.

Bafuni

Uke unajisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji, na sabuni kidogo kwenye ngozi ya nje ukitaka. Ndani usitie kidole chenye sabuni, wala limau, wala chumvi, wala majani ya kukausha wanayouza kwa siri. Kuna vijidudu vizuri vinavyolinda mahali pale. Ukiviua unafungua mlango kwa maambukizi, na ngozi iliyokauka inachubuka na kupitisha virusi vya UKIMWI kwa wepesi. Wasichana wanaambiwa mambo haya na shangazi kabla ya ndoa, kwa nia njema. Shangazi aheshimiwe, lakini hili asifuatwe. Majimaji meupe au yasiyo na rangi, yasiyowasha wala kunuka, ni ya kawaida na yanabadilika kadiri mwezi unavyokwenda. Yakiwa na harufu ya samaki, yakiwa kijani, yakiwasha, njoo. Na mume au mwenzi naye aje ikitakiwa.

Hedhi iandike. Kalenda ya ukutani yenye alama ndogo inatosha. Kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kwanza inayofuata, siku 21 hadi 35 ni kawaida, na damu isizidi siku saba. Ukilazimika kubadilisha kitambaa kila saa, au mabonge makubwa yanatoka, hiyo si hali ya kuvumilia kwa sababu mama yako naye alikuwa hivyo. Vitambaa vya kufua ni vizuri tu: maji baridi kwanza, kisha sabuni, kisha jua. Tatizo la Bukavu ni jua lenyewe, na aibu. Kitambaa kinafichwa chini ya kitanda kikiwa kibichi na kinaota ukungu. Kianike, ukitaka ukifunike kwa kanga nyepesi juu, na siku za mvua ukikaushe kwa pasi ya makala (mkaa) mpaka kisiwe na unyevu hata kidogo.

Matiti yachunguze mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, ukioga na mikono ikiwa na sabuni. Unatafuta kitu ambacho mwezi uliopita hakikuwepo.

Mbabula usiku

Usiku wa baridi, watoto wakikohoa, mbabula (jiko la makala) inaingizwa ndani na mlango unafungwa. Nakuomba usifanye hivyo hata siku moja. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Pikia nje au chini ya paa lililo wazi, na moto ufe nje kabla ya kulala. Ukiwa huna budi kupikia ndani, fungua mlango na dirisha vielekeane, uwashe nje kwanza hadi makala yawe mekundu yote, na mtoto mchanga asiwe mgongoni mwako ukipuliza moto.

Kuwaza

Hakuna mwanamke wa Bukavu ninayemjua asiyewaza. Tumepita vita juu ya vita, pesa zimepotea, ndugu wametawanyika, na bado kesho asubuhi uji unatakiwa uwe mezani. Sitasema "usiwaze". Nitasema: yape mawazo mahali na saa. Jioni, kabla giza halijaingia vizuri, kaa dakika kumi uyataje moja moja, kwa karatasi au kwa mtu unayemwamini. Lile unaloweza kulifanyia kitu kesho, sema utafanya nini na saa ngapi. Lile lisilo mkononi mwako, liombee, uliache pale kwenye karatasi. Kisha zima simu, hasa yale makundi ya WhatsApp yanayotuma picha za maiti. Picha hizo hazikulindi na chochote, na mwili wako unazipokea kana kwamba jambo limetokea mlangoni kwako.

Ukiamka usiku moyo unakimbia, vuta pumzi puani ukihesabu tatu, itoe mdomoni polepole ukihesabu sita, mkono ukiwa tumboni. Endelea dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoka inautuliza moyo, ndivyo mwili ulivyoumbwa.

Kuna kuwaza kwa kawaida na kuna ugonjwa. Ukipita wiki mbili hufurahii chochote, hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakishuki, huwezi kumtazama mtoto uliyemzaa, au fikra ya kufa inakujia, hilo linatibiwa na watu wanaolijua, na kulisema kituoni hakumaanishi kwamba huna imani. Mchungaji wako akuombee, na muuguzi akuone. Mambo mawili hayo hayagombani.

Usingizi: uwe wa saa saba kwa usiku. Huzipati kwa sababu masufuria yanaoshwa saa nne usiku na mtu mmoja. Mvulana wa miaka kumi anaweza kuosha sufuria. Dada yake anaosha akiwa na miaka sita na hakuna anayeshangaa. Gawa kazi hizo kwa zamu, baba akiwemo kwa anachokiweza, hata ikiwa ni kuchota maji kabla hajatoka.

Vipimo ambavyo havisubiri ugonjwa

Presha ipime hata ukijisikia mzima, angalau mara moja kwa mwaka, na kila ziara ya CPN. Ikifika 140 juu ya 90 na kurudia hivyo siku nyingine, inahitaji kufuatiliwa. Kwenye mimba, anza CPN kabla ya wiki ya 12, usisubiri tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri ziara nane. Na baada ya kujifungua, upishe angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Njia za uzazi wa mpango ziko nyingi. Njoo tuzungumze ipi inaufaa mwili wako, usichukue ya jirani.

Saratani ya mlango wa kizazi inakua polepole sana, miaka na miaka, na ndiyo maana inaweza kuzuiwa. Kuanzia miaka 30 pimwa, na kama unaishi na virusi vya UKIMWI anza 25. Kipimo kinachofanyika hata penye vifaa vichache ni cha siki: mhudumu anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia kama kuna mahali pamegeuka peupe. Hakiumi. Kikiwa sawa, rudi baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi kama unaishi na virusi. Pakiwa peupe, mara nyingi panatibiwa kabla ya kuwa saratani. Damu baada ya tendo la ndoa, au damu iliyorudi baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata tone, haingoji mwaka wa kipimo.

Na ukibakwa, au binti yako akibakwa, saa ndizo zinazohesabiwa. Ndani ya saa 72 kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Ndani ya siku tano kuna dawa ya kuzuia mimba. Usisubiri kuoga wala kufua nguo, wala kumpata mzee wa familia wa kukupa ruhusa. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inapokea wanawake kwa ajili ya hili, na kwa fistula (tundu linalovujisha mkojo au choo ukeni) na kizazi kilichoshuka pia. Yaliyopita saa 72 nayo yanapokelewa. Njoo hata ikiwa imepita miaka.

Mwenye mimba awe na mpango wa usiku tangu mwezi wa saba. Namba za motari (madereva wa pikipiki) wawili wanaokubali kutoka usiku, na umewauliza bei mapema. Jirani atakayebaki na watoto. Pesa ya kwanza mahali ambapo mtu mwingine wa nyumbani anapafahamu, na karatasi ya mutueli (mfuko wa bima ya afya) kama umejiunga. Vitenge viwili safi, kofia ya mtoto, kitabu cha CPN, vyote kwenye mfuko mmoja mlangoni. Damu ikitoka, maji yakipasuka, kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, uso na mikono vikavimba, mtoto akiacha kucheza tumboni, au degedege: unampigia motari wa kwanza, asipoitika unampigia wa pili, na simu ya mama mkwe unaipiga ukishafika.